Vidonge vya Q10 vya kutafutia mtoto: chupa, kipimo na ahadi zake

Ukiingia famasia kubwa ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ukasema unatafuta cha kusaidia mayai, mara nyingi chupa ya kwanza kuwekwa kaunta ni ya Q10. Jina lake kamili ni koenzaimu Q10, na lebo huandika CoQ10. Sifa zake zimezoeleka: huboresha mayai, huzuia ovari kuzeeka, hupambana na sumu mwilini. Bei yake si ndogo, na anayeinunua kwa kawaida ameshahangaika miaka, ameshasemwa na mawifi, na yuko tayari kugusa hata akiba ya kodi ya nyumba. Mtu wa namna hiyo anastahili kuelezwa kwa undani kilichomo, kinavyofanya kazi, na mahali ambapo pesa yake inapotea bure.

Uamuzi tunauweka mbele kabisa. Q10 ina mantiki nzuri ya kisayansi, na ina ushahidi wa kutia moyo kwa kundi moja la wanawake: wenye akiba ndogo ya mayai wanaojiandaa kwa IVF, yaani kutungishwa mimba maabara. Nje ya kundi hilo ni kubahatisha. Haiongezi idadi ya mayai uliyozaliwa nayo, haizibui mirija, haiyeyushi uvimbe wa kizazi.

Ili kuelewa kwa nini inauzwa kwa ajili ya mayai, inabidi kulitazama yai lenyewe. Ni moja ya seli kubwa kabisa za mwili wa mwanamke, upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani nukta ambayo jicho lenye afya linakaribia kuiona bila darubini. Ndani yake mna mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kwa wingi usiopatikana katika seli nyingine. Yai lililopevuka huwa na nakala za DNA ya mitokondria zaidi ya laki moja. Vinu hivi huchoma chakula kwa kutumia oksijeni. Elektroni hupokezwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na katika kupokezana huko chache huchoropoka, zikadaka oksijeni pembeni ya mstari. Hapo huzaliwa chembe kali za oksijeni zinazong'ang'ania chochote kilicho karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, na DNA ya mitokondria yenyewe, ambayo imekaa jirani kabisa na moto. Seli ina walinzi wake wa kuzizima, yaani vimeng'enya pamoja na glutathioni, na walinzi hao ndio tunaowaita antioksidanti. Chembe kali zikiwazidi walinzi, hali hiyo ni mkazo wa oksidi. Ni ndugu wa kutu: bati la paa huliwa na oksijeni taratibu, na seli nayo huliwa vivyo hivyo.

Kwa yai, tatizo ni muda. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2, akifika kubalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ni takribani 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Yai analolitoa mwanamke wa miaka 38 limekaa ndani yake kwa miaka yote hiyo 38 na zaidi, likisubiri. Siku ya kupevuka linatakiwa kupunguza kromosomu zake, yaani vifurushi vya urithi, kwa nusu, kwa kuzivuta na nyuzi nyembamba mno, kazi inayokula nishati nyingi ndani ya saa chache. Vinu vikiwa vimechakaa, nyuzi huyumba na kromosomu moja hubaki upande usio wake. Mimba hapo mara nyingi ama haishiki, ama huharibika wiki za mwanzo. Seli za granulosa zinazolizunguka yai nazo hazisalimiki. Hizo ndizo zinazolilisha na kutengeneza estrojeni, na zikifa kwa wingi folikeli yote, yaani kifuko kinacholibeba yai, hunyauka.

Hapa ndipo Q10 inapojitofautisha na vitamini C au E. Hizo mbili huzima moto tu. Q10 iko ndani ya mstari wenyewe wa elektroni: huzipokea kutoka kituo cha kwanza na cha pili, ikazifikisha cha tatu, na huku ikilinda mafuta ya utando yasiungue. Iligunduliwa mwaka 1957 na Frederick Crane na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakiichuja kutoka mitokondria ya moyo wa ng'ombe. Mwili hujitengenezea Q10 wenyewe, lakini kiwango hupungua umri ukisonga, na hoja ya wauzaji inaanzia hapo. Hoja si ya uongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, panya wazee waliopewa Q10 walitoa mayai bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Lakini hao ni panya.

Kuna upande ambao lebo haiusemi, nao ndio unaotufanya tusite kila tukiona mtu ametoka dukani na chupa nne za antioksidanti. Ovari inauhitaji moto huo kwa kiasi. Homoni ya LH, inayochochea yai kutoka, inapopanda katikati ya mzunguko, chembe kali za oksijeni huongezeka ndani ya folikeli, na ongezeko hilo ni sehemu ya ishara inayolifanya yai litoke. Mwaka 2011 watafiti waliweka antioksidanti moja kwa moja kwenye ovari za panya, na mayai yakashindwa kutoka kama kawaida. Kidonge cha kumeza hakifiki kwenye ovari kwa nguvu ya sindano, kwa hiyo hatudai kwamba kitazuia yai lako kutoka. Tunachosema ni kwamba wazo la "antioksidanti kadiri zilivyo nyingi ndivyo bora" halina msingi katika kiungo hiki.

Sasa ushahidi kwa binadamu. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika China na kuchapishwa 2018. Wanawake walikuwa chini ya miaka 35 lakini wenye akiba ndogo ya mayai. Kundi moja lilipewa miligramu 200 mara tatu kwa siku, yaani 600 kwa siku, kwa siku 60 kabla ya IVF. Kundi la pili halikupewa maandalizi hayo. Waliotumia Q10 walihitaji dozi ndogo zaidi ya sindano za kuchochea ovari, walitoa mayai mengi zaidi, na viinitete vyao, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua, vilikuwa bora. Waliokosa kabisa kiinitete cha kuweka kwa sababu ya ukuaji mbaya walikuwa asilimia 8 hivi katika kundi la Q10, na karibu asilimia 23 katika kundi la pili. Hilo ni tofauti ya kuheshimu. Lakini ukifika kwenye swali lililompeleka mwanamke hospitali, yaani mtoto aliyezaliwa hai, idadi ilielekea upande wa Q10 bila kufikia kiwango cha kusema kwa uhakika kwamba haikuwa bahati.

Kabla ya huo, 2014, kulikuwa na jaribio la Toronto, Kanada, kwa wanawake wa miaka 35 hadi 43, dozi ileile ya miligramu 600. Kasoro za kromosomu zilionekana asilimia 46.5 kwa waliotumia Q10 na 62.8 kwa waliopewa plasibo, yaani kidonge bandia kisicho na dawa. Inavutia, ila jaribio lilisimamishwa mapema likiwa na wanawake 39 tu, na idadi hiyo haitoshi kuthibitisha lolote. Ukitazama antioksidanti zote kwa pamoja, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wakaguzi wa majaribio ya tiba, ya mwaka 2020 yalikusanya majaribio 63 yenye wanawake 7,760. Hitimisho lake: pale ambapo wanawake 19 kati ya 100 wangepata mtoto bila antioksidanti, huenda wakafika kati ya 24 na 36 wakizitumia. Neno "huenda" hapo lina uzito wote, kwa sababu wakaguzi haohao waliuita ushahidi huo hafifu: majaribio madogo, njia zisizoelezwa vizuri, matokeo mengi yasiyoripotiwa.

Tuje kwenye chupa. Rafuni utakuta sura mbili za Q10. Ya kwanza ni ubikwinoni, ambayo jina lake kwenye lebo huishia na herufi -one, na ndiyo ya bei nafuu. Ya pili ni ubikwinoli, inayoishia na -ol, na huuzwa ghali kwa maelezo kwamba "imeshaandaliwa". Mwili huzigeuza hizi mbili kwenda na kurudi, na kinachoamua zaidi ni jinsi kampuni ilivyoiyeyusha. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2019 uliwapa vijana 14 wenye afya bidhaa saba tofauti, kila moja miligramu 100. Iliyoongoza ilikuwa ya ubikwinoni ndani ya mafuta ya soya, iliyopashwa moto maalumu kiwandani ili fuwele zake ziyeyuke. Mchanganyiko huohuo ulipotengenezwa bila hatua hiyo ya moto, ufyonzwaji wake ulishuka kwa karibu robo tatu.

Sababu yake unaweza kuiona nyumbani. Chukua kapsuli moja ya mafuta, ikate kwa wembe juu ya kisahani cheupe. Ubikwinoni hutoka na rangi ya chungwa iliyokolea, kama mawese. Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga kama unga wa sembe, hizo ni fuwele ambazo hazijayeyuka. Utumbo haufyonzi fuwele, hufyonza molekuli moja moja, na fuwele za Q10 huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 48, wakati tumbo lako lina 37. Nyingi hupita tu na kuishia chooni. Kapsuli za poda kavu ndizo duni zaidi katika hili. Ubikwinoli ukiikata inatakiwa kuwa nyeupe kama maziwa au njano hafifu. Ikiwa chungwa kabisa, na lebo haitaji rangi ya kuongeza, hewa imeshaigeuza kuwa ubikwinoni. Haitakudhuru, lakini umelipia kitu kimoja ukapewa kingine.

Hukumu yetu ya ununuzi ni hii: ubikwinoni iliyoyeyushwa vizuri kwenye mafuta inatosha. Tafuta chupa yenye alama ya kukaguliwa na taasisi huru, kama USP au NSF, kwa kuwa nchini Marekani, zinakotoka chupa nyingi hizi, sheria haimdai mtengenezaji wa virutubisho athibitishe kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Soma pia mstari mdogo unaotaja kipimo cha kumeza mara moja. Chupa nyingi huandika "miligramu 200" kwa herufi kubwa mbele, na nyuma, kwa herufi za kufinya macho, unakuta kipimo hicho ni kapsuli mbili.

Hesabu ifanywe kabla ya kufungua pochi. Chupa ya kapsuli 60 za miligramu 100 ina miligramu 6,000. Kwa dozi ya utafiti, 600 kwa siku, inakwisha ndani ya siku 10. Miezi miwili ni chupa sita, mitatu ni tisa. Wengi hununua chupa moja, wakameza kidonge kimoja kwa siku kwa miezi miwili, kisha wakasema Q10 haifai. Hawakuijaribu, walikunywa moja ya sita ya dozi iliyopimwa. Na asije mtu akakwambia utafidia kwa chakula. Moyo wa ng'ombe, ambao ni miongoni mwa vyakula vyenye Q10 nyingi zaidi, una takribani miligramu 11 kwa kila gramu 100, hivyo ungehitaji zaidi ya kilo tano kila siku.

Kuhusu kumeza: Q10 ni ya mafuta, kwa hiyo ifuatane na mlo wenye mafuta. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, parachichi, mayai, vyote vinafaa. Kuimeza asubuhi na chai ya rangi na tumbo tupu ni kuitupa. Igawe mara mbili au tatu kwa siku, kwa maana utumbo unapopewa dozi kubwa kwa mpigo hufyonza sehemu ndogo zaidi. Wengine hukosa usingizi wakiimeza usiku. Hao dozi ya mwisho waiweke mapema jioni. Kichefuchefu na tumbo kuvurugika hutokea, na aghalabu hutulia dozi ikigawanywa zaidi. Kiwango kwenye damu huchukua kama wiki mbili kutengemaa, na folikeli huchukua takribani siku 85 kukua kutoka hatua ndogo hadi siku ya kutoa yai. Ndiyo maana madaktari wa IVF husema anza miezi miwili au mitatu kabla. Anayeanza wiki moja kabla ya sindano amechelewa, yai la mzunguko huo limeshapitia sehemu kubwa ya safari yake.

Joto la pwani lina madhara yake. Kapsuli laini zikiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, au dirishani jikoni, hulainika, hushikana bonge moja na wakati mwingine huvuja. Chupa ikae kabatini penye giza na ubaridi, kifuniko kimebana. Ukinunua mtandaoni na chupa ikafika kapsuli zimegandana, irudishe.

Kuna watu ambao wasiiguse bila daktari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu Q10 inafanana kimuundo na vitamini K na inaweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu, damu ikaganda. Anayemeza dawa za presha, kwa kuwa inaweza kuishusha zaidi. Anayetibiwa saratani. Na kila anayeanza IVF amwonyeshe daktari wake chupa zote, hata zile anazoziona ni "vitamini tu".

Tunasema hivyo kwa sababu ya aina ya tatu iliyoko rafuni: michanganyiko ya uzazi yenye viungo kumi na tano au ishirini ndani ya kidonge kimoja. Hii hatuipendekezi. Q10 iliyomo huwa kidogo, pengine miligramu 30 au 50, imewekwa ili jina lipate kuandikwa. Hatari iko kwenye viungo vingine. Vitamini A ya aina ya retinoli isizidi uniti 10,000 kwa siku kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, maana ikizidi inaweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Ukijumlisha vidonge viwili vya aina tofauti unafika hapo bila kujua. Biotini nayo, aina ya vitamini B inayopendwa kwenye vidonge vya "uzazi na nywele" kwa dozi za maikrogramu 5,000 au 10,000, huvuruga mashine za maabara zinazopima homoni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Majibu ya tezi ya shingo au ya homoni za uzazi yanaweza kutoka juu au chini kuliko ukweli, na matibabu yakafuata karatasi yenye makosa. Acha biotini angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na mwambie mtu wa maabara kwamba huwa unaitumia. Melatonini, homoni ya usingizi na kiungo kingine cha michanganyiko hii, ilijaribiwa Australia kwa wanawake 160 wa IVF kwa dozi tatu tofauti, wala haikuonyesha faida kwenye mayai au mimba. Vitamini C ya kidonge ndiyo ya kusikitikiwa kabisa kununuliwa: gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200, mara kadhaa ya chungwa, na mapera yanauzwa kwa mafungu barabarani.

Vifurushi vya "kusafisha kizazi" na chai za kuondoa sumu haviingii kabisa kwenye tathmini hii. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, na hakuna kipimo kinachoonyesha kwamba vinapunguza mkazo wa oksidi kwenye ovari.

Hasara kubwa kuliko pesa ni muda. Afrika kusini mwa Sahara, mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani ni chanzo kikubwa cha kutopata mimba, na mirija huonekana kwa picha ya HSG, ile ya kupitisha dawa na kupiga eksirei. Yai bora kiasi gani halipiti mrija uliofungwa. Vifuko vya damu vya endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama ya utando wa kizazi kuota nje ya kizazi, humwaga chuma, na chuma huchochea chembe kali jirani na mayai; Q10 haiviondoi vifuko hivyo. Mume naye apimwe mbegu mwanzoni kabisa, kwani kipimo ni cha bei ndogo na tatizo mara nyingi liko kwake pia. Na asidanganywe na antioksidanti za wanaume: jaribio la Marekani lililochapishwa 2020, kwa wenzi 174, halikuona mbegu zikiboreka wala watoto kuongezeka. Aliye chini ya miaka 35 aende kupimwa baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyefika 35 asizidishe miezi sita. Kwa mwanamke wa miaka 39, miezi tisa ya kujaribu chupa moja baada ya nyingine ni mayai yaliyokwenda bila kurudi.

Kama kuna sigara ndani ya nyumba, pesa ya chupa tisa haitashindana nayo. Moshi wake huleta chembe kali moja kwa moja, na wanawake wavutaji hukoma hedhi mwaka mmoja hadi miwili mapema kuliko wasiovuta. Kuacha ni bure, na hilo tunaliweka juu ya kidonge chochote tulichokitaja hapa.

Kipimo cha mimba kikionyesha mistari miwili, Q10 husimamishwa isipokuwa daktari ameagiza vingine, kwa kuwa usalama wake katika miezi ya mwanzo haujachunguzwa vya kutosha. Kidonge kinachoendelea ni asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku hadi wiki ya 12, na hicho kilipaswa kuanza angalau mwezi mmoja kabla, sambamba na hiyo Q10 ya bei mbaya. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati akina mama wengi bado wanahesabu kama hedhi imechelewa siku ngapi.